Haya Wee

Wanaulizana vijana wa Bidiya
safari ya mawindo hufaulu kwa nini:
kwa bunduki gani, gari gani, darubini ya nchi gani.
Siku hizi kuwinda ni marufuku, na afadhali.
Mimi niliwinda mara moja tu,
mwaka wa pili tangu nitoke Wete,
Kiarabu changu kikiwa bado cha chuoni,
sahihi, na hakinunui hata chumvi.

Usiku wa kuamkia safari
bibi Zuwena aliwakuta wakimpaka mbwa hina,
nyayo zote nne, kwa uangalifu, kama biharusi.
"Hina! Kwa mbwa!" Akashika kichwa,
akaenda kuosha mikono ambayo haikugusa kitu.
Asubuhi ndiye aliyeuliza kama imekolea.

Tulikuwa watatu, na Barqa:
Huwaishil, mwenye mbwa, asiyemwaga maji wala maneno;
Salum bin Matar, mwenye gari na kikohozi;
na mimi, mwenye viatu visivyofaa.
Mchele, tende, dele la kahawa,
kiriba kinachovuja tone moja kila nikikitazama.
Siku ya kwanza tulisoma mchanga tu.
Huwaishil akionyesha kwa kidole cha mguu:
hapa mende, hapa mbweha, hapa sungura, wa jana.
Wa jana haliwi.

Kwetu husema mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Njoo Ramla ya Wahiba, uniambie ukingo uko wapi.
Kwetu husema siku ya kufa nyani miti yote huteleza.
Huku mti ulikuwa mmoja, mghafu uliochoka,
nao haukuteleza: chini yake alilala sungura
wa rangi ya mchanga, masikio tu yakimsaliti.

Kamba ilikuwa mkononi mwangu.
Sijui kwa nini Huwaishil alinipa. Labda kunijaribu,
labda alitaka kujikuna.
Sungura akachomoka, nikaachia,
na kinywa changu, chenye juzuu kumi na tano kwa moyo,
kikatoa: "Haya wee!"
kama mtoto wa Jadida mpira ukivuka mstari.

Ah, zile mbio. Sitazieleza.
Nyayo nne nyekundu, zikiandika na kufuta.
Barqa akarudi naye mdomoni, amekwisha kufa,
akamlaza juu ya kiatu changu kibaya.

"Ulitaja Jina?" akauliza Huwaishil.
Upepo ulikuwa mkali. Hakuna aliyesikia.
Njaa yangu ilikuwa na ulimi wake, tayari umelowa.
"Sikutaja."
Salum, kati ya vikohozi: "Aliyesahau amesamehewa."
Huwaishil: "Ulisahau, au ulifurahi?"

Nikafikiri kwa muda wa tone moja la kiriba.

"Nilifurahi."

Akamchuna sungura polepole, kwa heshima,
akampa Barqa, wote.
Sisi tukala wali mweupe na chumvi,
na moshi usiokuwa na kitu cha kunukia.
Hakuna aliyenipa pole, hakuna aliyenilaumu.
Nimekula biriani za harusi ngapi tangu hapo,
nimezisahau zote.

Alfajiri akanirushia kamba kifuani, bila neno.
Sungura wa pili tulimkosa, mjue tu.
Bibi mlangoni: "Mmepata nini?"
"Mchanga," nikasema, nikavua viatu,
vikatoa ushahidi.

Juzijuzi gari liliniharibikia njia ya Al Kamil.
Nyuma ya tuta nikamsikia mtoto wa Kibedui,
asiyejua Wete ni mji au ni tunda,
akimfungulia mbwa wake akimbize chupa tupu, mchezo tu.
"Bismillah," alisema kwanza, kwa adabu, kama alivyofunzwa.
Kisha, kwa mapafu yote mawili:
"Haya wee!"